Taa za Mnara wa Eiffel hazikuikuza Citroën

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nina karakana ya matrela, tuko mafundi sita. Kwenye semina ya ujasiriamali tuliambiwa Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa, ilikua kwa sababu iliandika jina lake kwa taa kwenye Mnara wa Eiffel. Je, nikope nitangaze kwanza, mitambo ije baadaye?

JIBU: Marahaba. Hadithi hiyo ya taa naletewa kila mara, na anayeileta huwa ametoka semina ya kulipia. Taa ziliwashwa 1925. Magari yalianza kutoka Quai de Javel, Paris, mwaka 1919, kwenye kiwanda kilichokuwa kikitengeneza makombora ya mizinga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka sita André Citroën, mwanzilishi wa kampuni, aliuza bila balbu hata moja pale mnarani.

Zama hizo ilikuwa kawaida kununua chasisi na injini, kisha ukatafuta fundi wa kukuundia bodi ya mbao. Citroën aliuza gari kamili: bodi, taa, stata ya umeme. Halafu akapata kwa Budd, kampuni ya Marekani ya bodi za magari, haki ya kuunda bodi ya chuma kitupu, akaitoa kwenye gari la B10 mwaka 1924. Sasa, presi, yaani mashine za kukandamiza mabati, na kalibu za bodi hiyo zinagharimu vilevile ukitoa bodi mia au laki moja. Lazima uuze nyingi. Tangazo lilikuja kuilisha presi iliyokwisha kusimikwa kiwandani. Na bado alikosea: bodi ngumu ilikaa juu ya chasisi inayonepa, mabati yakapasuka, ikabidi gari lililofuata, B12, lipewe chasisi imara zaidi. Wewe mtu wa matrela unajua mahali ufa unapoanzia.

Mwaka 1929 waliunda magari zaidi ya 100,000. Hapo ndipo mwalimu wa semina hukunja karatasi zake.

Hasemi kwamba mwaka 1933, katikati ya mdororo wa uchumi, kiwanda kilijengwa upya kwa fedha za kukopa. Wala kwamba Traction Avant ya 1934, gari lao linalovutwa na magurudumu ya mbele, ilitolewa mbichi: giaboksi ya otomatiki ilishindikana, ikawekwa ya mkono mbio mbio, na viungo vya ekseli za mbele vikaharibikia mikononi mwa wateja. Desemba kampuni ikafilisika, Michelin, kampuni ya matairi iliyokuwa mdai mkubwa, ikaichukua. Wapo pia wanaosema mvuto wa magurudumu ya mbele ndio ulioiua. Upuuzi! Gari hilohilo, lilipokwisha kurekebishwa, liliundwa hadi 1957.

Kwa hiyo yeyote anayewaambia wenye karakana watangaze kwanza, mwulizeni nani atalipa bidhaa ikirudishwa. Chukua trela lako la tatu na la nne, uone kama mashimo ya boliti yanalingana. Yasipolingana, mkopo ununue jigi za kuchomelea, yaani fremu za kushikilia vipande mahali pake, na mashine nzuri ya kutobolea. Bango litasubiri.