Ukiambiwa huna kumbukumbu, uliza walikupimaje

Mdogo wangu mmoja, kiziwi, kaniandikia wiki hii. Alikwenda kwenye usaili wa kazi ya ukeshia. Wakamsomea mlolongo wa namba, mkalimani akazitafsiri kwa lugha ya alama, naye akatakiwa azirudishe zote kwa mpangilio uleule. Zikampotea. Msaili mmoja akasema viziwi ndivyo walivyo, kumbukumbu zao fupi. Kijana ananiuliza: "Dada, ni kweli?"

Swali limenikuta na furaha yangu, maana matokeo ya uhasibu yametoka na nimefaulu ngazi ya mwisho. Ndiyo, najisifu, na leo sitaomba radhi kwa hilo. Mimi nami ni kiziwi, nami nilipimwa hivyohivyo. Nikiwa shule ya msingi alikuja mtaalamu mmoja, akatamka namba, mwalimu akazionyesha kwa vidole. Nikarudisha tano, nikakwama. Faili langu likaandikwa "kumbukumbu dhaifu", na maneno hayo yakanifuata hadi sekondari, ambako walishauri niachane na hesabu niende ushonaji. Ushonaji ni kazi njema, mama yangu ametusomesha kwa cherehani. Lakini mimi nilitaka hesabu.

Nilipofika chuo ndipo nikakutana na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004 na Mrim Boutla, Daphne Bavelier na wenzao. Walikuta kwamba anayesikia hukumbuka kwa mpangilio vitu kama saba alivyoambiwa kwa sauti, na mtumiaji wa lugha ya alama vitu kama vitano. Tano! Namba yangu ileile ya kwenye faili! Nilisoma ukurasa ule nikitetemeka.

Subirini, maana utamu uko mbele. Walipima pia watu wanaosikia waliolelewa kwa lugha ya alama. Mtu yuleyule, kichwa kilekile, akisikia maneno anakumbuka vingi, akitazama alama anakumbuka vichache. Basi ugonjwa uko wapi hapo? Sikio lina kipaji cha kushika mfuatano wa sauti kwa sekunde chache, jicho lina vipaji vingine. Na walipobadilisha kipimo, mtu akumbuke maneno huku akiyatungia sentensi na bila kubanwa na mpangilio, viziwi na wanaosikia wakalingana. Kazi za kweli hufanana zaidi na kipimo hiki cha pili. Sijawahi kumwona bosi anayelipa mshahara kwa kukariri namba kama kasuku.

Tena kuna watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, ambao Margaret Wilson na wenzake waliwapima mwaka 1997. Namba za kwenda mbele na za kurudi nyuma walizishika karibu sawasawa, wakati wanaosikia huanguka wakiambiwa wazigeuze. Na kwenye kukumbuka ni vibao gani vimeguswa, na kwa mfuatano gani, watoto hao wakawapita wenzao wanaosikia. Kipimo hicho hakikuwemo kwenye mkoba wa mtaalamu wangu.

Sasa ushauri, kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka vyeti kama mimi.

Weka kalamu chini. Kiziwi anakariri kwa mikono, hata ikiwa imetulia mapajani. Hili lilijulikana tangu 1975, pale Bellugi, Klima na Siple walipoona kwamba viziwi wa Marekani wakikosea hawachanganyi maneno yenye sauti zinazofanana, wanachanganya alama zinazofanana: "kura" inageuka "chai", kwa sababu mikono inakaa vilevile na tofauti ni namna inavyocheza. Baadaye Wilson na Karen Emmorey wakaonyesha kwamba ukiichezesha mikono ovyo wakati unakariri, kumbukumbu inashuka. Kwa hiyo mikono ikishika kalamu na simu, umejinyang'anya daftari lako mwenyewe.

Pili, zipe namba mahali pa kukaa. Mimi debiti naiweka hewani kushoto, krediti kulia, salio katikati kifuani. Chumba cha mtihani kilikuwa kimya na mimi napunga mikono chini ya meza, msimamizi akaja kuchungulia kama nina karatasi ya kuibia majibu! Hana habari kwamba nilikuwa nafunga hesabu za mwaka.

Tatu ni hiyohiyo ya kwanza kwa upande wa macho: mkalimani akiwa anaongea, usinakili. Mtazame, kisha andika.

Wazazi, nanyi nisikilizeni. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, wa Chloë Marshall na wenzake, uliwakuta watoto viziwi waliokua na lugha ya alama tangu utotoni wakilingana na wanaosikia kwenye kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani kushika jambo kichwani huku ukilitumia. Waliochelewa kuipata lugha ndio waliobaki nyuma. Acheni kumfunga mtoto mikono mkingoja siku atakapoongea. Mfundisheni alama, na ninyi mjifunze, nyote, hata babu. Mtoto hawezi kukumbuka kwa lugha ambayo hajapewa, halafu mkimkuta darasa la nne hajui kitu mnasema ni uziwi. Si uziwi!

Kwako mdogo wangu: hapana, si kweli. Umesema wamekuita tena. Waandikie leo, uwaombe wakupe kazi yenyewe ya keshia, mauzo, chenji na salio, namba zikiwa kwenye karatasi. Mkalimani aketi mkabala nawe, karibu na msaili, si ubavuni kwako, ili usigeuzegeuze shingo. Na umwambie mkalimani avae nguo ya rangi moja. Lile shati la maua kwenye picha uliyonitumia lingempoteza hata mhasibu mkuu.