Barua kwa mwanangu: mrushaji wangu bado ni Pedro

Lowell, Massachusetts

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusikiliza mara mbili, nikiwa jikoni. Unasema wenzako wa kazini hapo Dallas walikubana wakati wa chakula: nani mrushaji bora kuliko wote katika historia ya besiboli? Wote wakasema Nolan Ryan. Wewe ukasema Pedro Martínez wa Red Sox, timu yetu ya Boston. Wakakutajia wapigaji 5,714 ambao Ryan aliwatoa kwa straiki tatu, yaani walioshindwa kuupiga mpira wake mara tatu, ukakosa la kujibu. Kisha ukaniuliza: "Mama, nilimtaja Pedro kwa sababu ndiye bora, au kwa sababu nimelelewa na wewe?"

Swali hilo la pili ndilo lililonikalisha chini niandike, baba.

Kwanza, Ryan usimdharau. Misimu 27 si mchezo. Michezo 7 mizima alirusha bila mpigaji hata mmoja kupata kipigo, yaani kuupiga mpira na kufika salama kwenye besi, kile kituo cha kukimbilia, na wa mwisho ulikuwa mwaka 1991, ana miaka 44, amevaa jezi ya Rangers, hapo hapo kwenu. Mtu akikwambia kwamba alishindwa michezo 292, usiishike hiyo kama silaha. Mwaka 1987, akiwa Houston, aliongoza ligi ya National, moja ya zile ligi mbili kubwa, kwa kuruhusu wastani mdogo kabisa wa mikimbio, yaani pointi, akaongoza pia kwa kuwatoa wapigaji, na bado akaandikiwa ushindi 8 na kushindwa 16. Wenzake hawakumfungia. Mrushaji hawezi kubebeshwa uvivu wa fimbo za watu wengine.

Waulize kuhusu besi za bure. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anajiendea zake besi ya kwanza kwa miguu bila kutoa jasho. Ryan alizitoa 2,795. Anayemfuata, Steve Carlton, ana 1,833. Tofauti hiyo si ndogo. Mpishi wa pilau tamu kuliko zote, ambaye kila sinia linafika mezani limemwagika robo, nitamsifu kwa mkono wake, lakini karamu ya harusi sitampa.

Sasa nikwambie nilivyojifunza haya, maana wewe ulikuwa mdogo. Tulipofika kutoka Mombasa mwaka 1998 ulikuwa na miaka minne. Nilipata kazi ya zamu ya jioni katika nyumba ya wazee, na mmoja wa wale niliokuwa nikiwahudumia alikuwa amepoteza macho lakini redio yake haizimwi. Kila Red Sox wakicheza, nikimlisha anasikiliza, nikimbadilishia shuka anasikiliza. Mimi sikuelewa kitu. Jioni moja akachukua chungwa kwenye sinia la chakula, akanishikisha, akanipanga vidole kimoja kimoja: huu ndio mpira wa kasi. Kisha akalisukuma chungwa ndani zaidi, kwenye kiganja: huu ndio ule mwingine. Mkono unakwenda kwa nguvu ile ile, mpigaji anaona mkono ule ule, lakini mpira unachelewa kufika, na yeye ameshazungusha fimbo. Pedro ana vidole virefu mno kwa kimo chake, akaniambia, ndiyo maana mpira huo unamtii. Kuanzia siku hiyo nikawa nasikiliza na mimi.

Mzee yule alinifundisha kipimo kimoja ambacho mpaka leo sijaona kinachokishinda. Hakupenda kabisa mtu amtajie namba iliyosimama peke yake. Alitaka kujua mwaka ule wenzake mrushaji walifanya nini, na ni nani hasa waliosimama mbele yake na fimbo.

Chukua Bob Gibson wa St. Louis. Mwaka 1968 aliruhusu wastani wa mikimbio 1.12 kwa kila vipindi 9, yaani mchezo mmoja mzima. Ukiiona namba hiyo unasema mjadala umekwisha. Lakini mwaka ule wapigaji wote walikuwa hoi. Carl Yastrzemski wetu wa Boston aliongoza ligi ya American kwa wastani wa .301, yaani vipigo vitatu hivi katika kila majaribio kumi, na hakuna bingwa wa kupiga aliyewahi kushika taji kwa wastani mdogo kama huo katika ligi hizi kubwa. Warushaji walikuwa wamezidi nguvu kiasi kwamba mwaka uliofuata kile kilima wanachosimamia kikashushwa, kutoka inchi 15 mpaka 10. Gibson alikuwa moto, sikatai. Siku ya kwanza ya World Series ya mwaka ule, fainali za ubingwa, aliwatoa watu 17 wa Detroit kwa straiki. Ila alikuwa anaogelea na mkondo.

Pedro aliogelea kinyume chake. Mwaka 2000 ndio wakati fimbo zilikuwa zimepamba moto, kila jioni mipira inaruka nje ya uzio. Warushaji wa ligi ya American kwa jumla waliruhusu wastani wa mikimbio 4.91. Pedro aliruhusu 1.74. Aliyemfuata kwenye ligi nzima alikuwa Roger Clemens, naye alikuwa na 3.70! Yaani wa pili aliruhusu zaidi ya mara mbili ya wa kwanza. Katika vipindi 217 alipigwa vipigo 128 na kutoa besi za bure 32 tu. Ukijumlisha, hata mtu mmoja kwa kipindi hawafiki. Waandikie wenzako hizo kwenye karatasi uwaache wazitazame.

Watakwambia alikuwa wa muda mfupi. Ni kweli, ushindi wake ni 219, wakati Walter Johnson wa Washington ana 417, na michezo 110 ambayo wapinzani hawakupata hata mkimbio mmoja. Kwa urefu wa safari sina wa kumweka mbele ya Johnson. Lakini tumia kile kipimo cha mzee: nani alisimama mbele yake? Johnson alicheza tangu 1907 hadi 1927, na miaka yote hiyo mtu mweusi hakuruhusiwa kuingia katika ligi zile. Oscar Charleston, mpigaji mweusi hodari, alikuwa akipiga mpira nchini humo humo, miaka ile ile, na kwenye msimu wa ligi Johnson hakukutana naye hata siku moja. Kosa si la Johnson. Hata hivyo siwezi kumwita mtu bora wa wote wakati wengi walifungiwa mlango.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma kwa ajili ya Satchel Paige, mrushaji mweusi. Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, na ligi kubwa ilimfungulia mlango Julai 1948, ana miaka 42. Umri huo wengine wameshastaafu. Akaisaidia Cleveland kuchukua ubingwa mwaka ule ule. Mwaka 1965, ana miaka 59, alirusha vipindi vitatu dhidi ya Red Sox hawa hawa, na aliyempiga kipigo kimoja tu alikuwa yule yule Yastrzemski. Ilipofika 2024 ndipo takwimu za ligi za watu weusi zilipoingizwa rasmi kwenye vitabu, na wastani wake wa 1.01 wa mwaka 1944, akiwa na Kansas City Monarchs, ukahesabika. Miaka themanini baadaye, baba. Mtu akikwambia bora ni Paige, usibishane naye. Mwitikie kwa heshima, kwa sababu miaka yake mizuri kabisa ililiwa na dhuluma, na hakuna hesabu inayoweza kuirudisha.

Sandy Koufax, mrushaji mwingine wa zamani, nitamtaja kwa haraka, ingawa anastahili barua yake. Miaka mitano mfululizo, 1962 hadi 1966, aliongoza ligi yake kwa wastani mdogo wa mikimbio, kisha kiwiko kikamlazimisha kuacha akiwa na miaka 30. Ukiniambia Koufax nitasikitika kidogo tu.

Lakini Pedro alirushia kila mtu. Weupe, weusi, Wadominika wenzake, Wajapani, wote walikuwemo, na walikuwemo wakati fimbo zina nguvu kuliko siku zote nilizozijua. Na Dodgers, timu yake ya mwanzo, walikuwa wamemwachia aende kwa sababu waliuona mwili wake kuwa mdogo mno.

Sasa swali lako lenyewe. Mwaka 1997 Pedro alikuwa Montreal. Aliruhusu wastani wa 1.90, akawatoa watu 305 kwa straiki, akachukua tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka. Mwaka huo sisi tulikuwa bado Mombasa, wewe unacheza na mchanga uani kwa bibi yako, na mimi sijawahi kusikia neno besiboli. Alikuwa bora kabla hatujamjua. Mapenzi umeyapata kwangu, hilo nalikubali, lakini ubora wake hatukumpa sisi.

Tarehe 10 Septemba 1999 alikwenda New York kucheza na Yankees kwao. Chili Davis wa Yankees akampiga mkimbio wa nyumbani mapema, mpira ukaruka uzio, na mzee akapiga kite kama aliyechomwa mwiba. Baada ya hapo Pedro akawatoa watu 22 mfululizo. Zamu yangu ilikuwa inakwisha saa tano usiku, nikakaa pembeni ya kitanda, mzee amenishika mkono, kila anayetoka kwa straiki anaubana. Kumi na tano. Kumi na sita. Wa 17 alipotoka kwa straiki, Boston wakiwa wameshinda 3-1, hakusema neno. Alibaki ameshika mkono wangu, na macho yale yasiyoona yalikuwa yamelowa.

Mwezi uliofuata, Cleveland, mchezo wa kufa na kupona, Pedro aliingia katikati na maumivu ya mgongo, timu zikiwa sare 8-8, akarusha vipindi sita bila kupigwa kipigo hata kimoja. Boston wakashinda 12-8. Hao wenzako waulize kama wanaujua mchezo huo.

Mzee hakufika 2004 kuuona ubingwa. Usiku ule walipochukua, wewe na baba yako mlipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta, na mimi nilikuwa jikoni na chungwa mkononi, vidole nimevipanga kama alivyonipanga.

Wasalimie wenzako wote, na yule wa Nolan Ryan msalimie zaidi. Ukija Julai mlete, chumba kipo.

Mama yako