Jirani Kwanza, Jina la Mbinu Baadaye: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutafuta Suluhisho Bora

Ndugu unayeanza kazi hii ya kutafuta suluhisho bora kwa kompyuta, mapema utakutana na majina ya kuvutia: algoriti (taratibu za hatua kwa hatua) za kijenetiki za John Holland, upoozaji wa kuigiza, unaoiga chuma kinavyopozwa polepole, uliotangazwa na Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi mwaka 1983, makundi ya chungu ya Marco Dorigo, na utafutaji wa mwiko wa Fred Glover, ambaye ndiye aliyebuni neno metahyuristiki, jina la jumla la mbinu za namna hii, mwaka 1986. Mimi nilitumia wiki tatu kuchagua jina, na nusu siku tu kuandika namna ya kupima gharama, yaani ubaya wa kila jibu.

Kazi ilikuwa kupanga njia ya gari la kusambaza mikate madukani jijini Dar es Salaam. Nilipima umbali kwa mstari ulionyooka, na programu, kwa utii wake wote, ikalitoa gari Kivukoni na kulipeleka moja kwa moja Kigamboni, kana kwamba mkondo wa bahari ulio katikati ni uwanja wa mpira. Dereva aliniuliza kama nimeshamnunulia ngalawa. Gari ama husubiri kivuko cha Magogoni, ama huzunguka hadi Daraja la Nyerere kule Kurasini. Algoriti haikuwa na kosa. Ililijibu vizuri swali nililoliuliza vibaya.

Kipimo kikishakaa sawa, amua jirani wa suluhisho ni yupi, yaani suluhisho jingine linalotofautiana nalo kidogo tu. Katika njia za gari, jirani hupatikana kwa kukata vipande viwili vya njia (kipande ni kiungo cha kituo kimoja hadi kinachofuata), kugeuza mfuatano wa vituo vilivyo kati yake, kisha kuunga upya. Iwapo umbali wa kwenda na wa kurudi ni sawa, usijumlishe njia nzima tena: toa vipande viwili vilivyokatwa, ongeza viwili vipya. Kwangu mimi, hatua hiyo ndogo ilileta faida kubwa kuliko kuhamia algoriti nyingine yoyote.

Mgeni namshauri aanze na upoozaji, kwa kuwa huandikwa kwa mistari michache na humfundisha kwa nini wakati mwingine inafaa kukubali suluhisho baya zaidi. Uwezekano wa kulikubali ni namba e (takriban 2.718) yenye kipeo hasi cha ongezeko la gharama likigawanywa kwa joto, namba inayoanza kubwa na kupunguzwa polepole. Njia ikirefuka kwa kilomita 2 joto likiwa 10, uwezekano ni takriban asilimia 82. Joto likishuka hadi 1, hubaki kama asilimia 14. Ukipooza haraka, programu hunasa katika bonde la kwanza, yaani jibu linalowashinda majirani zake tu lakini si bora kuliko yote.

Iendeshe programu mara 30 kwa mbegu tofauti za nasibu (namba za kuanzishia uchaguzi wake wa kubahatisha), andika kila mbegu daftarini, na uripoti wastani pamoja na jibu baya kabisa. Halafu linganisha na njia ambayo dereva alikuwa akiipita kabla hujaja. Mara yangu ya kwanza, alinishinda kwa kilomita 4.