Yaya, nyumbani wananiuliza nani amekufa

Swali kutoka Kadutu, Bukavu

Jambo yaya. Niko na miaka 22. Siku moja nilikuwa naangalia video ya ziwa kwenye simu, na chini yake kulikuwa mtu anapiga piano peke yake, polepole sana, hakuna ngoma hakuna mwimbaji, nota moja halafu anangoja, halafu ingine. Nikairudia mpaka mega zikaisha. Tangu hapo ndio natafutaka hiyo tu, lakini nikiandika "piano ya huzuni" zinakuja mamia na zote zinafanana, utasema ni mtu mmoja anazitengeneza. Halafu nyumbani wamenichoka, mama akisikia anauliza nani amekufa, shangazi yeye anasema ni roho ya huzuni nipelekwe kuombewa. Mimi sina huzuni yaya, nikisikiliza natulia. Nitafute nani? Na shangazi anasema kweli?

Jibu

Mdogo wangu, tuanze na shangazi maana yeye ndiye ana haraka. Kama unakula, unalala, unacheka na wenzako, na hiyo muziki inakutuliza, basi mwambie shangazi kwa heshima kwamba hakuna mgonjwa hapa. Siku utaona usingizi umekimbia na hakuna kitu kinakupa furaha, hiyo ni mambo ya kuzungumza na mtu, na daktari pia, na piano haitakuwa imeileta. Na mama pia umuelewe, sisi huku tumelelewa na gitaa na sebene, nota ikikaa kimya kidogo tu tunajua kuna kilio.

Sasa tuje kwenye piano yenyewe. Mwimbaji anaweza kushika nota akaikuza, mpiga violoni pia, piano haiwezi. Ukibonyeza, nyundo ndogo inagonga waya halafu inarudi nyuma, na kuanzia pale sauti inapungua tu, utake usitake. Kwenye muziki ya haraka huna nafasi ya kusikia hiyo, nota ingine imeshafika. Hawa watu wa minimalisti, yaani wa vitu vichache, wanakuachia nafasi uisikie sauti mpaka inaisha, na mimi naona hicho ndicho ulichokipenda, si huzuni. Ndiyo maana ile mamia inakuchosha: wamechukua akodi (nota kadhaa zinapigwa pamoja) za huzuni wakajaza kila mahali, ukimya wakautupa. Acha kutafuta kwa jina la hisia, tafuta kwa jina la mtunzi na la kipande.

Anza na Erik Satie, Mfaransa, alikuwa anapiga piano kwenye vilabu vya Montmartre kule Paris na pesa hana. Mwaka 1888 akatunga vipande vitatu vya piano vinaitwa Gymnopédies, cha kwanza ameandika juu kipigwe polepole na kwa maumivu. Ukishazoea nenda vipande vyake vingine, Gnossiennes, zile za kwanza hakuweka hata mistari ya kugawa vipimo, na badala ya kuandika "nguvu" ao "laini" kama wengine anamwambia mpigaji mambo kama "kwa ncha ya wazo", sasa hapo wewe mpigaji ujipange. Kabla yake kuna Chopin, mtunzi wa Poland, Prelude ya Mi minore, opus 28 namba 4: mkono wa kulia karibu hauendi popote, wa kushoto unateremka hatua ndogo ndogo, dakika mbili hivi imeisha. Hiyo ilipigwa kwa ogani kwenye mazishi yake mwenyewe, Paris 1849, kwa hiyo pale mama akiuliza nani amekufa kidogo ana jibu.

Lakini mimi mwenyewe naonaka mwenye nyumba hapa ni Arvo Pärt wa Estonia. Alikaa miaka karibu kimya, anasoma nyimbo za kanisa za zamani, halafu 1976 akatoa Für Alina, kurasa mbili tu, kwa ajili ya binti wa watu wa karibu aliyekwenda Uingereza. Inaanza na nota ya Si ya chini kabisa, pedali ya mguu inaishikilia, halafu juu mikono miwili inatembea pamoja: mmoja unapanda na kushuka, mara nyingi kwa hatua ndogo, mwingine karibu kila mara unaruhusiwa nota tatu tu za akodi ya Si minore. Hakuna kitu kingine. Na hakuandika nota ikae muda gani, mpigaji ndiye anaamua, kwa hiyo usikilize wapigaji wawili watatu tofauti utashangaa, utafikiri ni vipande tofauti.

Na kama kuna mtu nyumbani atakuambia hiyo ni mambo ya wazungu, mwekee Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Mwanamke wa Ethiopia, alizaliwa Addis Ababa 1923, familia yake Waitaliano waliifunga kwenye kisiwa cha Asinara 1937, baadaye akawa mtawa, akaishi miguu peku kule milimani, mwisho Yerusalemu, na amekufa Machi 2023 na miaka 99. Minimalisti kamili si yeye, vidole vyake vinatiririka, lakini ngazi za nota za kwao Ethiopia ndani ya piano, peke yake, ina upweke fulani wa kupendeza, sijui niseme aje. Tafuta albamu Éthiopiques namba 21, ilitoka 2006.

Wa siku hizi wako wengi, mimi nitakupa mmoja: Nils Frahm, Mjerumani, albamu Felt ya 2011. Alitia kitambaa kizito kati ya nyundo na waya ili asiwasumbue majirani usiku, akasogeza maikrofoni karibu, sasa unasikia mpaka mbao zinalia na mtu anapumua.

Kuhusu mega: usiangalie video, shusha sauti tu, kipande cha dakika tatu kwa mp3 ya kawaida ni kama mega 3. Na utie zile za masikioni, spika ya simu inakula nota zote za chini.

Swali kutoka Majengo, Goma

Yaya, mimi napigaka kinanda kwa kwaya, kile cha vitufe 61, sina mwalimu. Naweza kupiga hizo?

Jibu

Unaweza, tena Gymnopédie ya kwanza ni mwanzo mzuri, kushoto ni nota moja ya chini halafu unaruka kwenye akodi, kulia wimbo tu. Nota zake unazipata bure kwa PDF, Satie alikufa 1925 na ni mali ya wote. Pedali ya mguu ndiyo ya lazima, uazime kama huna, bila hiyo kila nota itakatika. Zima ngoma ya otomatiki, weka sauti ya piano, na upige kwa mwendo unaoona ni wa polepole kupita kiasi halafu upunguze tena. Für Alina iache kwanza, ile Si ya mwanzo haiko kwenye kinanda chako, vitufe 61 vinaanziaka kwa Do iliyo juu yake.