Bei ya mafuta na sera za Rais Ruto: maswali yenu, majibu yetu

Ruto aliondoa ruzuku ya petroli mara tu alipoapishwa Septemba 2022. Si alimsaliti hasla, yaani mwananchi wa kipato cha chini aliyemfanyia kampeni?

Ruzuku yenyewe ilikuwa mbovu. Ruto alisema imemeza shilingi bilioni 144, na bilioni 60 kati ya hizo ziliteketea katika miezi minne ya mwisho, yaani msimu wa kampeni. Serikali ya Uhuru Kenyatta iliishikilia bei mpaka kura zikapigwa. Kwa hiyo kuiondoa kulikuwa na hoja. Lawama yetu ni kwamba petroli jijini Nairobi ilipanda kwa shilingi 20.18 mara moja, ikafika 179.30, na tozo zote zikabaki palepale. Ukitaka soko liamue bei, punguza kwanza mzigo ambao si wa soko.

VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 ilituongezea kiasi gani hasa?

Chukua kikokotoo. Juni 2023 lita ya petroli Nairobi ilikuwa 182.04, na VAT ya asilimia 8 ilikuwa ndani yake. Gawanya kwa 1.08, unapata 168.56. Zidisha kwa 1.16, unapata 195.53, ambayo ndiyo bei iliyotangazwa na EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta, kuanzia Julai 1. Nyongeza ni shilingi 13.49 kwa lita, karibu 270 kwa mtungi wa lita 20. Kumbuka pia kwamba VAT hutozwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru wa bidhaa na tozo ya barabara. Huo ni ushuru juu ya ushuru.

Mahakama Kuu ilikuwa imeisimamisha Sheria ya Fedha ya 2023, iliyopandisha VAT hiyo, Juni 30, na Mahakama ya Rufaa ikaliondoa zuio hilo Julai 28. Karibu mwezi mzima Wakenya walilipa kwenye pampu kodi iliyokuwa imezuiwa na mahakama. Hapo hatuhitaji kukisia nia ya serikali.

Huu mkataba wa mafuta wa "serikali kwa serikali" unafanyaje kazi, na ubaya wake uko wapi?

Zamani kampuni za mafuta zilishindania zabuni ya wazi kila mwezi, na mshindi alilipwa kwa dola siku chache baada ya meli kushusha mzigo. Machi 2023 Kenya ilitia saini na kampuni za mafuta za serikali: Saudi Aramco ya Saudi Arabia, ADNOC ya Abu Dhabi na ENOC ya Dubai. Mafuta huja kwa mkopo wa siku 180. Wauzaji wa hapa hulipa kwa shilingi, fedha hizo huwekwa, na dola hutafutwa siku ya deni kuiva.

Shida inaanzia hapo. Shehena ya Aprili haikufuta hitaji la dola, ililisogeza hadi Oktoba. Mwezi huohuo wa Machi, Rais aliwaambia wanaoficha dola kwamba itashuka chini ya shilingi 120, pengine hadi 115. Januari 2024 ilipita 160. Aliyekusanya shilingi kwa kiwango cha Aprili alikuta pengo, na pengo la aina hiyo huishia kwenye bei ya lita.

Kuna pia malipo ya nauli ya meli na faida ya muuzaji. Kwa dizeli yalianza kwa dola 118 kwa tani. Tani ya dizeli ni takriban lita 1,185, kwa hiyo dola ikiwa 130 unalipa karibu shilingi 13 kwa lita, na ikifika 160 unalipa karibu 16. Baadaye yalishushwa hadi dola 88. Kama dola 30 ziliweza kukatwa katika mazungumzo, aliyekubali 118 mwanzoni anatudai maelezo.

Kwa nini Uganda ilijitoa?

Ilichoka kununua kupitia madalali wa Kenya. Novemba 2023 serikali ya Museveni iliamua UNOC, kampuni ya mafuta ya taifa la Uganda, iagize yenyewe kupitia Vitol, kampuni ya kimataifa ya biashara ya mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta yake hupitia Mombasa, hivyo pigo hilo lilipunguza shehena ambayo mkataba wa Kenya uliitegemea.

Lakini shilingi ilipata nguvu 2024 na bei ikashuka. Mkataba haukufaulu?

Shilingi ilipanda Februari 2024 baada ya Kenya kukopa dola bilioni 1.5 kwa Eurobond mpya (hatifungani inayouzwa kwa wawekezaji wa kimataifa) na hofu ya kushindwa kulipa ile iliyokuwa ikiiva Juni kutulia. Hazina ya Taifa yenyewe iliiambia IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kwamba inakusudia kuuacha mpango huu wa mafuta. Kisha 2025 ukaongezwa hadi Machi 2028. Kigeugeu hicho ndicho kinachofanya watu waulize ni nani anayenufaika.

Nitazame nini EPRA inapotangaza bei kila tarehe 14?

Usiishie kwenye bei ya mji wako. Anza na gharama ya mafuta yakiwa bandarini, kwa dola. Kisha tazama kiwango cha ubadilishaji kilichotumika. Hivyo viwili vikishuka na bei isishuke, nenda kwenye tozo. Julai 2024, kwa mfano, tozo ya barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Kisha tafuta tozo ya maendeleo ya petroli, shilingi 5.40 kwa lita tangu 2020. Inakusanywa ili kutuliza bei ikipaa. Mbunge wako akija kuomba kura, mwulize mwezi gani ilitumika hivyo, na kwa kiasi gani.