Kikundi cha wenye biashara ndogo: anzeni na daftari, si michango

Dada yangu, umeuliza namna ya kuwakusanya wenzako wa saluni, genge na cherehani hapo mtaani Dar mshauriane biashara, bila kikundi kugeuka upatu mwingine. Basi hela ikae pembeni kwanza. Anzeni watu sita au saba wasiouza kitu kimoja. Wauza chipsi wawili wa barabara moja hawataambiana ukweli hata siku moja.

Kutaneni Jumatatu asubuhi, wateja wakiwa wachache. Kila kikao mmoja aweke daftari lake mezani: kanunua kwa ngapi, kauza kwa ngapi, nani anadaiwa. Wengine wamuulize. Hapo ndipo utasikia, "Kumbe nauli ya bodaboda hujaihesabu kwenye bei ya gauni!" Swali kama hilo, kwangu mimi, linashinda semina nzima. Na yanayosemwa humo yasifike kibarazani. Anayevujisha atolewe, hata kama ni shoga yako.

Mkija kutaka kuweka na kukopeshana, hiyo habari nyingine: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka kikundi kisajiliwe. Muoneni ofisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze.