Ua la Shaba Halisuguliwi

Nimekulia nyumba ambayo Idi ikikaribia, masinia ya shaba yanasuguliwa kwa ndimu na majivu. Nilipoanza kujifunza mapambo ya panga za Kijapani, mkono ukafuata mazoea. Nashukuru kipande chenyewe kilikuwa changu, cha mazoezi. Weusi niliouhangaikia wiki nzima ulitoka kwa dakika moja, ikabaki shaba nyekundu tupu.

Wewe unayeanza, lishike hili kabla ya majina ya mafundi: rangi ile haikupakwa, ni ya madini yenyewe. Shakudo ni shaba iliyotiwa dhahabu kidogo, mara nyingi asilimia 3 hadi 5. Ikichemshwa kwenye maji ya dawa yenye chumvi za shaba, huota utando mwembamba mweusi unaoelekea zambarau. Shibuichi, yaani "robo", ni shaba na fedha, nayo hutoa kijivu. Fundi akitaka usiku wa vuli, huanza na shakudo, akapachika majani ya susuki, nyasi ndefu za Kijapani, kwa dhahabu na matone ya umande kwa fedha. Usugue utando huo, na usiku wenyewe umekwenda. Hata kutu ya kahawia kwenye chuma cha zamani usiiguse, inathaminiwa.

Halafu jifunze mimea kama mkulima. Ua la ume, mti wa Kijapani wa jamii ya plamu, lina petali tano za mviringo. La sakura, mcheri wa Kijapani, nalo lina tano, ila kila moja ina pengo dogo nchani. Ume huchanua baridi haijaisha, sakura ni ya masika. Ukiyachanganya, umekosea msimu mzima wa pambo.

Tsuba, ile kinga ya mkono kati ya mpini na upanga, iweke tundu la katikati likiwa na ncha nyembamba juu, upande wa makali. Ukiipindua, mashina yote yataota kuelekea chini.

Majina yatakuja: ukoo wa mafundi wa Goto, ulioanza na Yujo karne ya 15, na Kano Natsuo (1828–1898), aliyechonga pia sarafu za serikali ya Japani ya enzi ya Meiji. Amri ya 1876 ya kuzuia kuvaa panga iliwanyima mafundi wengi wateja.

Ukiruhusiwa kushika tsuba, vaa glovu, uigeuze taratibu. Mara nyingi tawi lililoanzia mbele hupita ukingoni, likamalizikia nyuma kwa jani moja tu.